Sare ya Mtoto wa Jaani

Kwanza niseme wazi, asije mtu akaniumbua baadaye: mimi niliitaka sare. Mimi ndiye fundi cherehani pekee hapa kijijini Keur Samba Yaba, na shule yetu ina watoto mia mbili na kumi. Mwalimu mkuu alipotamka neno sare kwenye kikao cha kamati, sababu zake sikuzisikia. Nilichosikia ni cherehani yangu ikinguruma mpaka mvua zinyeshe. Kwa hiyo anayewasimulia si mtakatifu. Na ninayemsimulia, Maguette Ndiaye, naye si mtakatifu, ndiyo maana tunaelewana.

Maguette ni mpishi wa shule. Asubuhi utamkuta nyuma ya darasa la tatu, kilemba kimemlalia upande mmoja, anakoroga sufuria ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuogea ndani. Jumanne wali kwa mchuzi wa karanga, Alhamisi wali wa samaki, na Ijumaa kile kitakachopatikana. Ana mkono mzito na ulimi mwepesi. Mtoto akirudi na bakuli mara ya pili humuuliza, "Kwani wewe ni Diop?" kisha anamjazia mpaka linamwagika.

Anasema hivyo kwa sababu yeye ni Ndiaye na mimi ni Diop, na tangu enzi za mababu ukoo wa Ndiaye na ukoo wa Diop ni watani. Hakuna neno ambalo hawezi kuniambia, wala ambalo mimi siwezi kumjibu. Akipita mbele ya kibanda changu, salamu zetu ni hizi:

"Ndiaga Diop! Bado hujafa kwa ulafi?"

"Nitakufaje, na wali wote mmeumaliza nyinyi kina Ndiaye?"

"Inuka unisalimie vizuri, mtumwa wangu."

Wageni hudhani tunagombana. Mke wangu alipolazwa hospitalini Kaolack, huyohuyo anayeniita mtumwa alinipikia siku kumi na moja mfululizo, na kila alipoleta bakuli alisema amekuja tu kuhakikisha sijaiba kijiko chake cha jana.

Sasa niwaambie habari ya Sagar, maana bila hiyo hamtaelewa chochote.

Maguette amezika watoto watatu. Wa kwanza aliishi miezi saba, wa pili siku arobaini, wa tatu hakufika hata siku ya kupewa jina. Alipopata mimba ya nne, wanawake wakubwa wa kijiji wakamfanyia kama anavyofanyiwa mama aliyeandamwa na vifo vya watoto. Mtoto alipozaliwa, walimtoa nje wakamlaza jaani, juu ya majivu na maganda ya karanga. Jirani akapita, akajifanya kumwokota, akamtupia Maguette mikononi: "Shika uchafu huu, mimi sina pa kuuweka." Wakamwita Sagar, yaani tambara. Kifo kina macho ya mwizi, kinapenda vitu vizuri. Tambara hakuna anayeliiba.

Na tambara huvaa matambara. Maguette alizunguka nyumba arobaini na mbili akiomba kipande cha nguo kila mlango, akaniletea katika beseni. Nikashona gauni dogo lenye kipande cha shuka la huyu, kanzu ya yule na pazia la mwingine. Kwa kuwa kila nyumba ilitoa, hakuna nyumba moja inayoweza kusema mtoto huyu ni wetu. Kila mwaka mtoto akikua, mama anaomba upya, nami nashona upya, bure. Eti malipo yataharibu dawa. Mimi nasema huo ni ubahili wa kina Ndiaye uliotafutiwa sababu.

Miaka tisa tumeishi hivyo. Hakuna aliyewahi kumsifu Sagar hadharani. Akina mama wengine huitwa kwa majina ya watoto wao, lakini Maguette ni Maguette tu. Sagar akipita na kusalimia kwa adabu, sisi tunamjibu, "Bado upo tu, takataka wewe?" Naye anacheka, kwa sababu anajua. Nadhani hakuna mtoto kijijini anayejua kama yeye jinsi anavyopendwa. Nani mwingine anatukanwa na nyumba arobaini na mbili kila asubuhi?

Ila Mwalimu Mbengue, huyo mwalimu mkuu wetu, hakujua. Aliletwa kwetu mwezi wa kumi kutoka Dakar, mtu mpole, shati lake limenyooshwa kwa pasi hata siku ya Jumapili. Mwezi wa pili akawapeleka watoto Kaolack kwenye mashindano ya mbio. Ndiko sare ilikotokea. Uwanja ulijaa watoto wa kila shule, kila mmoja na nguo yake, na wakati wa kurudi walimu wakahesabu vichwa, wakaona vimetimia. Walifika nyumbani, watoto wakala, wakanawa, ndipo tukagundua kwamba mmoja wao si wetu. Alikuwa mtoto wa shule ya Guinguinéo, ameshiba, ametulia, wala hana haraka ya kuondoka. Wetu alikuwa huko Guinguinéo, analia.

Basi wiki iliyofuata kamati ikaitwa. Tulikaa katika madawati ya darasa la sita, watu wazima saba, magoti yamegusa kidevu. Mzee Malick Sarr, mwenyekiti, akasema jambo lenyewe ni dogo, tulimalize kabla ya sala ya alasiri. Adja Kiné, ambaye amehiji na amezaa mabinti sita, akadakia:

"Mimi naiunga mkono hata kabla hamjasema ni rangi gani. Kila asubuhi nyumbani kwangu ni vita. Hii nilivaa juzi, hii imepauka, hii dada kaichukua. Wavae kitu kimoja, nipumue!"

Wote wakaitikia. Mimi nikaitikia kwa sauti kuliko wote. Ndipo Maguette akasema:

"Mimi sitaki."

"Hutaki kwa nini?" akauliza Mzee Sarr.

"Mchuzi wa karanga hautoki kwenye nguo. Nani atafua? Halafu wote wakivaa sawasawa, nitajuaje nani ameshakula mara mbili?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na hapo vicheko vyetu vikakatika kimoja kimoja. Tuliinamisha macho kwenye madawati. Watu sita kati ya saba mle ndani tulijua shida ni nini, na hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kuisema. Ungesemaje? Ukimwambia Maguette, tunaelewa unamhofia mwanao, umeshasema ni mwanawe, umeshasema ana thamani, na madirisha yako wazi.

Wa saba hakujua, na kwa wema wake wote akafungua mdomo.

"Mama Maguette, mimi nilidhani wewe ungekuwa wa kwanza kukubali. Mfikirie Sagar. Sijawahi kufundisha msichana kama yule. Ana akili, ana adabu, ni mzuri wa sura. Yuko darasa la nne, lakini anasoma vitabu vya darasa la sita. Halafu kila siku anakuja na viraka! Roho inaniuma kwa kweli. Sare itamfanya awe sawa na wenzake."

Nimewahi kuona moto ukishika ghala la karanga, na watu hawakukurupuka kama siku ile.

"Akili gani?" Adja Kiné akapiga kelele. "Yule? Hajui hata kuwasha jiko!"

"Mbaya kama fisi," akasema Mzee Sarr, mtu ambaye husali swala tano na sijawahi kumsikia akimsema vibaya hata mbwa. "Fisi mwenye njaa."

"Kusoma anasoma kama mbuzi," nikasema mimi. "Mbuzi naye hufungua kitabu, ila akishafungua anakila."

Mwalimu Mbengue akasimama, ametutumbulia macho. "Wazee wangu! Ndiyo maneno gani haya juu ya mtoto? Na mama yake amekaa hapa!"

Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Maguette alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Akainuka, dawati likainuka naye, akalisukuma chini.

"Sare ikija," akasema, "lile tambara haliji shule tena." Akatoka.

Keshoye Sagar hakuja shuleni. Keshokutwa pia hakuja. Siku ya tatu wali wa shule uliungua, na watoto waliokuwa wakipigania ukoko wakaacha ukoko kwenye mabakuli.

Jioni nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu, tukanywa chai, nikamweleza yote toka jaani hadi beseni. Alisikiliza bila kunywa. Glasi ya pili ilipoa mkononi mwake.

"Kwa hiyo mlikuwa mnamkinga?"

"Ndiyo."

"Mnamkinga na mimi."

"Na maneno yako, Mwalimu. Wewe mwenyewe hatuna neno na wewe."

Akaiweka glasi chini. Halafu akasema basi Sagar asamehewe, wengine wavae sare, yeye abaki na viraka vyake. Nikamwambia kwamba mtoto mmoja wa viraka katikati ya mia mbili wa buluu ni sawa na kumwashia taa kichwani. Akasema basi tuache habari ya sare kabisa. Nitakuwa muongo nikisema nilifurahi. Nilitembea kurudi nyumbani nikiililia kazi yangu na kujichukia kwa kuililia, vyote kwa pamoja.

Asubuhi nikaenda nyuma ya darasa la tatu. Vumbi la kiangazi lilikuwa limefunga anga lote. Maguette alikuwa anakoroga.

"Ndiaye, jana umetulisha makaa."

"Wewe unakula hata mawe, unalalamika nini?"

"Tambara liko wapi?"

Akakoroga kidogo. "Nyumbani. Usiku limekohoa mara mbili."

"Kijiji kizima kinakohoa. Ni vumbi."

"Alimsifu, Ndiaga. Kwa sauti, mbele ya watu, dirisha liko wazi. Alisema ni mzuri."

Hakuniita mtumwa, wala Diop. Aliniita kwa jina langu, na hilo lilinitisha kuliko kikohozi. Mtu mwingine hapo angempa pole. Mimi ni mtani wake, pole yangu ina umbo lingine.

"Kina Ndiaye akili zenu ziko tumboni, nimesema siku zote. Kifo kikija leo hapo getini, kitamwona nani kwanza? Wako watoto mia mbili na tisa waliovaa nguo za kawaida, na mmoja amevaa kijiji kizima. Hata mimi namwona nikiwa kibandani, na macho yangu haya ya uzee! Akivaa kama wote, kitamchaguaje?"

Mwiko ukasimama.

"Na kitambaa?" akauliza. "Kitambaa cha sare kitanunuliwa na nani? Na mimi. Nikimnunulia kizima kwa mkono wangu, nimeshasema ni wangu." Akafuta macho kwa kiwiko, akaulaani moshi. "Yule wa kwanza nilimnunulia, unajua. Nguo za sikukuu, na sikukuu ilikuwa bado mbali. Nilipenda zile nguo! Ziko sandukuni mpaka leo, nimezikunja. Hakuwahi kuzivaa."

Nilikuwa sijui habari hiyo. Miaka yote ile ya kuniita mlafi, na hakuwahi kuniambia. Nilitamani kumshika mkono, lakini kwetu sisi hilo si jambo la kufanya, hasa kwa mwanamke aliyeshika mwiko wa moto.

"Basi omba," nikasema. "Si ndiyo kazi yenu? Kila nyumba itanunua kitambaa kilekile cha buluu. Kaombe kipande kila nyumba. Rangi moja, nyumba nyingi. Nitaviunga mimi. Mtu asipomsogelea karibu hataona."

Akaugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Halafu akaanza tena kukoroga, kwa nguvu.

"Diop akitoa ushauri wa maana," akasema, "watu waanze kutubu. Kiyama kimefika."

Kamati ilikaa tena Jumatatu, nami nilikuwa nimeshamweleza Mwalimu mpango wetu. Mwalimu Mbengue alisimama mbele yetu akiwa na karatasi. Akasema sare itakuwa buluu, magauni kwa wasichana, mashati na kaptula kwa wavulana. Akaenda hivyo mpaka mwisho, akakohoa.

"Na kuhusu yule... yule mtoto wa darasa la nne, yule asiye na..." Akatazama dirisha. Akatazama kiatu chake. "Yule hafai kitu. Yeye atavaa vya kuombaomba."

Masikini, nadhani lilikuwa tusi lake la kwanza maishani. Masikio yalimwiva. Mzee Sarr akamwambia kwa upole, "Si vibaya, mwanangu. Utazoea." Tukainua mikono. Wa Maguette uliinuka mwisho, polepole, lakini uliinuka.

Siku ya kupima nguo nilihamishia cherehani kwenye baraza la shule, na akina mama wakajipanga na vitambaa vyao. Kila aliyefika nilimkatia ukanda wa vidole vitatu, naye akautupa kwenye beseni la Maguette pamoja na neno lake: shika la kufutia pua, shika usituombe tena mwaka huu, ombaomba mkubwa wewe. Maguette alipokea yote kwa kichwa juu kama mtu anayepokea mahari. Adja Kiné alitoa ukanda kwa kila binti yake, sita nzima, akasema ni kwa sababu mkasi wangu umepinda.

Na wote walikuwa na ombi moja, ambalo kila fundi analijua. "Diop, acha pindo!" "Acha pindo nene, huyu anarefuka kama mtama." "Mimi mwaka ujao sinunui nyingine, acha pindo!" Nguo ya mtoto hukunjwa chini, kisha kila mwaka mama anafumua kidogo, nguo inashuka na mtoto anapanda. Niliacha mapindo siku ile mpaka vidole vikaota sugu.

Sagar akawa wa mwisho. Alikuja na gauni lake la viraka, akasimama mbele yangu, hana kikohozi wala nini.

"Bado upo, takataka?"

"Bado nipo, Babu Diop."

Nikachukua mkasi. Sasa lazima mjue kitu kimoja. Nguo zote nilizomshonea mtoto huyu katika miaka tisa, nilizikata kwa macho. Sikuwahi kumwekea tepu mwilini, maana mama yake hakutaka. Wala hakuwahi kuniomba pindo. Pindo unamwachia mtoto unayemtarajia mwakani, na Maguette mwakani hakupataja. Gauni la Sagar lilimtosha siku lililoshonwa, basi. Kwa hiyo nikafumba jicho moja kama kawaida yangu, nikamkadiria mabega.

"Mpime," akasema Maguette.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Huna tepu? Fundi gani huyu? Mpime kama watu."

Nikampima. Mabega, kifua, kiuno, urefu hadi magotini. Nina miaka thelathini na nne katika kazi hii, na mikono yangu ilisahau namba mara mbili ikabidi nianze upya. Sagar alisimama wima amebana pumzi, akiogopa kupumua asije akaharibu. Mwalimu Mbengue alikuwa mlangoni mwa ofisi, na safari hii alijua vya kutosha kukaa kimya.

Maguette hakutazama upande wetu. Alikuwa ameinamia beseni, anapanga vipande vya buluu kimoja juu ya kingine, ananyoosha kingo kwa kidole gumba.

"Na pindo uache," akasema.

"La kiasi gani?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri, na nikakaza macho kwenye tepu, kwa sababu kuna nyakati hata mtani hapaswi kumtazama mtu usoni.

"La miaka miwili," akasema. Halafu, chinichini: "Mitatu. Kama kitambaa kitatosha."

Kitambaa kilitosha. Niliacha pindo la vidole vinne, nikalishona kwa mkono, kwa mishono mikubwamikubwa, ile iliyo rahisi kufumua.